Thumuni

Kabureta ilikuja Jumanne kwa basi la Coyhaique,
imeviringishwa gazeti la wiki iliyopita,
nyepesi kama yai, ghali kama mbuzi.
Dereva alinirushia dirishani bila kuzima injini:
kilima cha nyuma kilikwisha kuvaa theluji,
naye ana watoto wa kufikisha kabla ya giza.

Msumeno wetu una miaka thelathini na moja.
Rangi yake ya chungwa imebaki pale tu
mkono usipofika.
Tuliuchukua kwa Segundo Huenchur badala ya deni,
na deni, kama ujuavyo, hurudi na meno yake.
Mwaka huu ukaanza kukohoa asubuhi,
kisha mchana, kisha katikati ya gogo,
na mwalimu wa shule ameshalipia mita nane za lenga.

Niliufungua juu ya meza ya jikoni.
Edelmira akasogeza kibuyu cha mate, asiseme neno.
Hasemi: homa ya uti wa mgongo ilimnyang'anya masikio
akiwa na miaka minne.
Dada yangu na mimi huongea kwa vidole,
na vidole vyangu vilikuwa na grisi.

Nikapuliza vumbi la mbao. Nikatoa chujio,
nati mbili, mpira wa petroli,
waya wa aksileta uliopinda kama ndoano.
Ndani ya kabureta kuukuu, kile kiwambo
kilichopaswa kupumua kama koo la chura
kilikuwa kimekauka, kimekakamaa.
Nikakigonga kwa ukucha. Kikajibu.
Kiwambo cha kabureta hakitakiwi kujibu.

Ile mpya niliifunga kwa haraka ya mwenye njaa.
Nikavuta kamba mara ishirini,
mara ishirini na tano, bega likalia,
msumeno kimya kama mdaiwa.
Edelmira akainyoosha gasketi kuukuu mezani,
akanionyesha kitundu, kidogo kuliko punje ya mtama,
njia ya pumzi itokayo kwenye injini.
Yangu nilikuwa nimeiweka kichwa chini.
Nimeuziba pua, halafu nautaka uimbe.

Tukafungua. Tukafunga upya.

Skrubu zote mbili: zikaze polepole hadi zigote, usizibane,
kisha zirudishe nyuma mzunguko mmoja na robo.
Uani, mvuto wa tatu, moshi wa buluu,
ukawaka.
Nikashika bisibisi. Ya chini kwanza,
mpaka ukiminya aksileta usisite
kama mtu aliyeulizwa umri.
Kisha ya mwendo wa pole, mpaka mnyororo utulie.
Kisha ya juu. Nikaikaza kidogo, sauti ikapanda.
Kidogo tena: ikapanda, nyembamba, safi,
ikanyooka juu ya paa la bati,
nikasema hapo, hapo hapo,
sijapata kuusikia hivi.

Edelmira akaja na kiganja kitupu.
Akakiweka juu ya mpini
kama ampimaye mtoto joto.
Akakunja uso.
Kiu, vidole vyake vikasema. Una kiu. Unakufa.

Nikamwonyesha sikio langu.
Akanionyesha mkono wake.

Tukasimama hivyo, kuku wakitutazama,
msumeno ukiungua kwa utamu wake.
Akanipokonya bisibisi.
Akailegeza ya juu: thumuni ya mzunguko,
hata thumuni haikutimia.
Sauti ikavunjika, ikagugumia
kama mtu asukutuaye maji. Mbaya.
Edelmira akacheka.

Akauzamisha kwenye gogo
na ule ugugumizi ukafutika. Mnyororo ukatafuna,
machicha yenye wekundu wa ufizi yakamrukia magotini,
si unga, machicha, mazito, yenye maji.
Alipouinua, ukagugumia tena.
Akanitazama kuona kama nimesikia.

Nilisikia.

Hadi giza tulikuwa na mita mbili na nusu.
Mate ilinuka petroli.
Tukainywa.